Kuta Tatu za Charlène

Kawale, 8 Septemba 2025

Baba mkubwa Télesphore,

Amani iwe kwako na kwa wote walio chini ya paa lako hapo kambini Dzaleka. Mi niko mzima huku mjini. Mama Fortunée ananiambia masikio yako sasa yanakataa simu kabisa, basi nimeshika kalamu. Kesho akimaliza kununua mitumba yake sokoni Tsoka ataipitia hii barua.

Profesa amesoma sura ya nne ya teze yangu, tasnifu ya udaktari. Ile yako. Unakumbuka ulivyonicheka nilipokueleza mara ya kwanza, kwamba nimeenda mpaka pembeni ya Sahara kusomea nyumba za udongo wakati nimekulia ndani ya moja. Nikakwambia kule mvua inanyesha mara tatu kwa mwaka, lakini siku ikinyesha inakula nyumba iliyosimama miaka mia mbili, na hakuna anayejua ni udongo gani unaovumilia. Mi siwezi kukaa kungoja. Ila mvua ya Dzaleka ya msimu mmoja ni mvua yao ya miaka kama kumi na saba. Ndipo ukanijengea kuta tatu nyuma ya nyumba yako: A ya udongo mtupu, B ya udongo na majani, C ya udongo na chokaa. Misumari kumi na miwili kwa kila ukuta. Na kila Jumamosi ya mvua, misimu miwili mizima, umepima msumari umejitokeza kiasi gani ukaniandikia.

Sasa sikia. Anasema namba zako ni nzuri, tena zimezidi uzuri. Ukuta B unapungua milimita mbili kila wiki. Wiki ya mafuriko, mbili. Wiki ambayo mvua ilikatika, mbili. Ameniuliza nani anapima. Nilikasirika, sikuficha. Nikamwambia baba mkubwa wangu amejenga tangu Bukavu, miaka arobaini na uzi wa kupimia mkononi, na ndiye aliyenilea baba yangu alipokufa. Akasema sawa, basi lete picha za misumari.

Natetea teze mwezi wa tatu mwakani. Bila sura ya nne sina teze, nina albamu ya picha za jangwa. Nikuje lini?

Mtoto wako,
Charlène


Dzaleka, 15 Septemba 2025

Mwanangu Charlène,

Barua imefika, nimeisoma mara mbili, mara ya pili na miwani. Huku tuko bazima. Mama yako mukubwa Gertrude anakusalimia, na mama mumoja jirani, Mukamusoni, Munyarwanda, naye anakusalimia, juu anasikiaka tu jina lako hapa kila siku.

Huyo profesa wako iko muntu wa akili lakini hajui mukono wangu. Mi nikipiga tofali, linaisha pole pole na kwa heshima. Haliishe kama la bale bafundi bengine, leo kipande, kesho kipande. Umwambie hivyo.

Ila usikuje sasa, mama. Vumbi ya mwezi wa tisa ni mbaya kwa kifua yako, unajua ulivyokohoaka utotoni. Na kutoka Lumbadzi mpaka huku bale ba kabaza, ba baiskeli za abiria, banaendesha kama bamefukuzwa na polisi. Tena ku picha, msumari ni msumari tu, utaona nini? Mi nitakuandikia tena namba zote kwa karatasi safi, na sahihi yangu, na muhuri wa kanisa kama anapenda muhuri. Ungoje mvua ipite kwanza, tutaongea.

Soma vizuri. Kula. Usikubali bakufanye uwe mwembamba juu ya kitabu.

Ni mi baba yako mukubwa,
Télesphore


Kawale, 22 Septemba 2025

Baba mkubwa,

Nilikuja Alhamisi. Hukuniona. Mama Gertrude pia hakuniona, mlango wenu ulikuwa umefungwa, na wewe, nadhani, ulikuwa kanisani na ile kazi ya kukarabati baraza. Nilizunguka nyuma ya nyumba na kamera mkononi.

Sijui niandike vipi nilichokiona. Nitaandika tu kama kilivyo.

Kuna mlango. Kati ya ukuta A na ukuta C, pale palipokuwa wazi, kuna ukuta wa nne na mlango wa mbao wenye kitasa cha waya. Juu kuna miti, nyasi na turubai. Kuna moshi. Kwenye ukuta B nje wameanika magauni mawili ya mtoto. Mlango ulikuwa umeegeshwa nikausukuma. Kuna kitanda. Kuna sufuria tatu, ungo, begi la shule na picha ya Bikira Maria, vyote vimening'inia ukutani. Nilisogea kuangalia vimening'inia kwenye nini. Vimening'inia kwenye misumari yangu.

Ile michache iliyobaki. Mingine sikuiona kabisa.

Nilisimama mle ndani nikashindwa hata kupiga picha. Kisha nikatoka, nikatembea mpaka barabarani, nikapanda basi nikarudi. Sikumsalimia mtu. Nimefanya kosa hilo, najua, mtoto wako haingii Dzaleka na kutoka kama mwizi.

Turubai lile limepauka na nyasi zimekuwa nyeusi. Paa hilo si la mwezi uliopita. Kama kuta zina paa, mvua haizigusi. Na kama mvua haizigusi, zile milimita mbili zilitoka wapi, Baba mkubwa?

Tangu lini?

Charlène


Dzaleka, 29 Septemba 2025

Mwanangu,

Njia ya mwongo ni fupi, na yangu imefika mwisho mbele ya mlango ule. Nimekaa juma nzima nikitafuta namna ya kuandika vizuri. Haiko. Nitaandika vibaya.

Tangu mwezi wa kwanza wa mwaka jana.

Ulikuwa msimu wa kwanza. Namba za Novemba na Desemba ni za kweli, naapa. Mwezi wa kwanza, siku ya mvua, nikatoka na kipimo changu nikakuta muntu mu kuta zako. Ni ule Mukamusoni. Serikali ilikuwa imemtoa mjini pamoja na bakimbizi bengine, bakamuleta hapa kambini na batoto babili na begi moja, na nyumba zote zimejaa. Alikuwa analala ku baraza la kanisa. Alikuwa ametandika nailoni toka ukuta A mpaka C, na batoto bamekaa chini yake, bamekauka. Aliponiona akasimama, akaniambia, «Baba, mwenye nyumba hii akirudi tutatoka. Ilikuwa haijakwisha, tukaona tujikinge tu.»

We mwenyewe ulichora zile kuta tatu zikitazama pande tatu, ili upepo na mvua ya kila upande izipate. Mi nilijenga vile ulichora. Sasa niambie, ni nani atapita na mtoto mgongoni, mvua inanyesha, aone kuta tatu za kimo cha muntu, na asiseme ni nyumba yenye imebakiza ukuta moja?

Nilipaswa kumwambia ni masomo. Nilifungua kinywa, Charlène. Nikaona mtoto mdogo, Raissa, amelala ameegemea ukuta, nywele zake ku msumari wa saba. Nikasema tu, «Mama, subiri nikuletee turubai.» Nilifikiri ni juma mbili. Kisha nikamjengea ukuta wa ine, juu upepo ulikuwa unaingia.

Jumamosi ikafika na karatasi yako inangoja. Nikaenda kupima ukuta wa choo yetu, ule wa upande wa mvua, ni udongo moja. Nikaandika hizo. Mwezi wa pili choo ikaanguka. Tangu pale niliandika kwa akili. Mbili ilionekana namba ya adabu.

Kila Jumamosi nilikuwa nasema leo nitamwandikia ukweli. Lakini we ulikuwa unarudisha barua za furaha, «Baba mkubwa, namba zako zinasema hivi, zinasema vile,» nikaogopa. We ndiye wa kwanza wa ukoo wetu kufika kule. Nilijua nakata tawi lenye umekalia, na bado nilikata.

Nihukumu, nitakubali. Ila ule mama hajui kintu. Anajua tu kwamba nyumba ni ya mtoto wangu anayesoma mjini, na ndiyo sababu anakusalimiaka.

Télesphore


Kawale, 6 Oktoba 2025

Baba mkubwa,

Nimeisoma. Sura ya nne ya teze yangu ya udaktari ni choo chenu, na baada ya choo ni kichwa chako.

Sikulala na njaa hata siku moja nyumbani kwako, sijasahau. Lakini miaka mitano, Baba mkubwa. Nilifuta sakafu za watu hapa Kawale ili nipate nauli ya kwenda kuomba barua za ruhusa ya kusafiri. Nimesimama mbele ya watu kumi na wanne nikatetea milimita zako huku nikikutaja kwa jina. Ungeniambia mwezi wa pili wa mwaka jana, ningejenga kuta nyingine. Huo ni mwezi mmoja wa kazi. Umeninyima mwezi mmoja, ukanipa miaka miwili ya uongo.

Nimehesabu. Mvua ya kwanza ni katikati ya Novemba. Teze ni mwezi wa tatu. Kuta zikikaa wazi kuanzia mvua ya kwanza, nitapata majuma kumi na mawili ya ukweli. Ni kidogo, lakini ni ya kweli, na naweza kusema mengine yaliharibika.

Paa litoke kabla ya mvua. Na ukuta wa nne. Misumari ionekane yote. Huyo mama utamweka mahali, nyumba yako ina vyumba viwili na kanisa ni lenu. Mimi sikumleta pale.

Usinijibu mpaka iwe imefanyika.

Charlène Nabintu


Kawale, 10 Novemba 2025

Baba mkubwa wangu,

Hasira hasara, na hii hasara ni yangu. Hujajibu mwezi mzima na nakuelewa, mimi ndiye niliyekukataza. Naomba tu ninachoandika hapa kikufikie kabla ya wingu.

Usitoe paa.

Nimemwambia profesa ukweli wote, na choo nikakitaja. Nilidhani atafunga mazungumzo pale pale. Akaniuliza kitu kimoja: huyo mama anapaka nini ukutani, na mara ngapi? Nilikuwa nimeingia mle ndani na sikuuangalia ukuta, niliangalia misumari tu. Ndipo nikakumbuka kwamba mingi haikuonekana. Baba mkubwa, kama ukuta unapungua, msumari unazidi kutoka nje. Ile ilikuwa imezama. Ukuta umenenepa.

Nikafungua madaftari yangu ya jangwani. Nyumba mia mbili na kumi na mbili nilizipima kule, kila moja nimeandika udongo wake, chokaa yake, upepo wake. Pembeni, kwa penseli, nilikuwa nimeandika pia kama ina watu, kwa ajili ya kukumbuka tu nani wa kumshukuru. Nimehesabu usiku na mchana. Zilizofungwa na wenyewe kuhama, karibu zote zimeanguka au zinaanguka. Zenye watu, zimeanguka mbili. Udongo ni ule ule. Kila mwaka wenyewe wanapaka, na mimi nilikuwa nauandika mkono wao kama uchafu juu ya ukuta ninaoupima.

Sasa nina ukuta uleule, udongo ninaoujua kwa kilo, tarehe aliyoingia mtu ninaijua, na kila tabaka alilopaka huyo mama liko pale limelala juu ya lingine, kama chapati kwenye sahani. Hakuna mtu duniani mwenye ukuta kama huo. Profesa ameniongezea mwaka mzima kwa ajili yake. Nitakuja na kisu chembamba nikate kipande kidogo tu nyuma ya mlango, nihesabu, nirudishie.

Mwambie asibomoe kitu. Mwambie aendelee kupaka. Na umwombe msamaha kwa niaba yangu kama alisikia lolote. Nitajiombea mwenyewe nikija.

Mama Fortunée anaibeba kesho.

Mtoto wako, kama bado ni wako,
Charlène


Dzaleka, 24 Novemba 2025

Kwa Charlène mwenye nyumba,

Amahoro, amani kwako. Mimi ni Mukamusoni. Hatujawahi kuonana, na Kiswahili changu cha kuandika ni cha kanisani, utanisamehe.

Baba Télesphore hakunifukuza. Nataka ujue hilo kwanza. Barua yako ya mwezi wa kumi aliificha ndani ya Biblia, akaendelea kunisalimia kama kila siku, lakini chakula alikuwa anakiacha sahanini. Mimi nilikwenda kwake kusoma Zaburi, Biblia ikafunguka pale ilipo barua. Nikasoma jina langu halimo, lakini «huyo mama» ni mimi.

Dada yangu, miaka karibu miwili nimening'iniza sufuria kwenye misumari yako. Sikujua ni shule. Kwetu mtu akikuta nyumba ya mwenzake amejihifadhi ndani, anaitunza kuliko yake. Hivyo nilitunza. Kila mwezi nilichota udongo kule bondeni, nikachanganya na mavi ya ng'ombe na majivu, nikapaka ndani na nje, kama mama alivyonifundisha. Nilipenda ukija uikute inang'aa. Kumbe nilikuwa nafuta kazi yako.

Nimerekebisha. Jumamosi ya tarehe kumi na tano nilitoa turubai na nyasi na miti. Ukuta wa nne nimeubomoa, matofali nimeyapanga pembeni. Kisha nikaona misumari haionekani, na wewe uliandika ionekane yote. Nikachukua jembe dogo na maji, nikakwangua udongo wangu wote. Siku nne, mimi na mtoto wangu mkubwa, ukuta A, ukuta B, ukuta C. Ulikuwa mwingi, mahali pengine unene wa kidole, na ulikuwa umeshika sana. Sikuacha hata kipande. Sasa kuta ziko vile vile alivyozijenga Baba, na misumari yote thelathini na sita nimeihesabu mwenyewe na kuipangusa.

Mvua ilifika Ijumaa. Ilinyesha vizuri, utapata namba.

Usiwe na mawazo juu yetu. Tumerudi pale baraza la kanisa, sasa limekarabatiwa, ni pazuri kuliko zamani. Barua hii sina wa kumpa, Mama Fortunée alishuka Lumbadzi wiki mbili zilizopita akitoka sokoni, malaria ikamlaza kwa dada yake. Akirudi ataileta.

Nakuombea upasi.

Mukamusoni, na Raissa, na Twizeyimana


Dzaleka, 1 Desemba 2025

Mwanangu Charlène,

Fortunée amerudi jana, amekonda, amebeba begi lake la mitumba na ndani yake barua yako ya tarehe kumi. Ameomba msamaha nikamwambia malaria haiombaki ruhusa. Barua ya Mukamusoni ninaitia humu pamoja na yangu, zitafika kwako siku moja.

Mi sikumtuma atoe paa. Nilikuwa Lumbadzi juma lile lote, tunaezeka duka la muntu. Nilikuwa nimeamua kukukatalia, na sikuwa na nguvu ya kukuandikia ninakukatalia. Niliporudi nikakuta mbingu mu nyumba. Nilimgombeza. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumgombeza. Akasema, «Baba, mtoto wako asifeli kwa ajili yangu.» Nikamlazimisha batoto balale kwetu, yeye bado anarudi barazani, anasema amezoea.

Udongo alioukwangua ulikuwa umerundikwa pale chini, karibu mikokoteni miwili. Nilipofungua barua yako nilikimbia kuuangalia, mi na miaka yangu sitini na ine nilikimbia. Mvua ya Ijumaa ilikuwa imeushusha wote bondeni. Imebaki alama nyekundu tu ku majani.

Namba ni hizi, na hizi ni za kweli, nimezipima na Gertrude akiwa ananishuhudia. Jumamosi ya tarehe ishirini na mbili: A, milimita kumi na moja. B, sita. C, ine. Jumamosi ya juzi: A, kumi na tisa. B, saba. C haina namba. C imeanguka Alhamisi saa tisa mchana, juu maji yaliingia pale nilipokuwa nimeunganisha ule ukuta wa ine. Hakuna muntu alikuwa karibu.

Hiyo barua yako ya tarehe kumi nilimusomea Mukamusoni jana jioni, yote, mpaka ile ya chapati na sahani. Nilifikiri nimwachie, lakini nimeshaficha barua mara moja na umeona. Alisikiliza ameshika mikono yake. Imechubuka bado, juu ya lile jembe. Nilipomaliza akaniomba nirudie pale umeandika aendelee kupaka. Nikarudia. Kisha akaniuliza, «Baba, ile niliyokwangua, ndiyo ilikuwa masomo?»

Nikamwambia utamjibu we mwenyewe. Mi ninaongopa vibaya, na ukweli haukuwa wangu wa kusema.

Nilikuambia usikuje. Sasa kuja. Leo asubuhi na mapema nilimwona amesimama mbele ya ukuta B na ndoo ya udongo, hapaki, hatoki, anangoja muntu amwambie apake ama aache.

Télesphore